Fundi Anapanda

Jumatatu, 6 Agosti 1973

Tumetoka Kilwa Masoko! Tumechelewa, kama ilivyo ada ya Nassibu. Alisema alfajiri — tumeondoka jua limeshakuwa kali. Gari lenyewe Kombi kuukuu la idara, la kijivu, mlango wa ubavuni haufungi wala haufunguki mpaka uupige nyonga. Nyonga yangu, bila shaka. Ndani tumejaza marobota ya waya, vikombe vya kaure vya kushikia waya juu ya nguzo, makopo ya rangi nyekundu, na godoro letu juu ya masanduku. Ngazi iko juu ya paa. Ndiyo nyumba yetu hiyo mpaka waya ufike Mchinga. Lini? Mungu ajua.

Nijiandikie kwa nini nimo humu, nisije nikazeeka nikasahau. Waya wa simu wa njia ya kusini ulikufa zamani, kwa mvua na tembo wanaojikuna kwenye nguzo. Nassibu kapewa kazi ya kuufufua. Mwezi wa sita alianza peke yake, akapanda nguzo moja karibu na Nangurukuru bila kusema neno. Ile nguzo inachungulia uani kwa watu! Mke wa mtu alikuwa anaoga. Eti Nassibu hakuona kitu. Wenyewe wakaiondoa ngazi aliyopandia, wakamwacha huko juu mpaka jua likatua, na mawe machache ya kumliwaza. Hata mkwezi wa minazi anajua: unapiga hodi kwanza, wanawake wajifunike, ndipo upande. Msimamizi wake alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwambia, mchukue mkeo akupigie hodi. Basi nimo. Mshahara sina. Cheo ninacho — Mpiga Hodi wa Waya.

Mimi nimekubali kwa jambo moja. Waya unapita Lihonja, nyuma ya ua wa mama. Mama yuko edani tangu baba alipofariki mvua za mwisho. Hatoki nje, hamwoni mwanamume wa kando, mpaka Ramadhani iingie. Nimemchukulia sabuni na bafta nyeupe. Nitakaa naye ndani, nimsugue miguu, tumlie baba vizuri. Kwenye matanga sikulia, nilikuwa napika.

Jumatano, 8 Agosti

Mnyange. Kijiji kidogo, nyumba za udongo, mikorosho kila mahali na sasa imetoa maua. Nimefanya kazi yangu ya kwanza! Nimepita ua kwa ua: "Hodi jamani, fundi anapandaaa! Mwenye kuoga ajifunike, mwenye kulala aamke!" Wanawake wamecheka. Bibi mmoja kasema yeye hajifuniki, kama fundi anataka kuona mifupa aje aone bure.

Nassibu naye anapenda kujionyesha. Anavaa viatu vyake vya chuma vyenye meno, anajifunga mkanda wa ngozi, kisha anaigonga nguzo kwa nyundo na kutega sikio. Nguzo nzima inatoa sauti fupi, ngumu. Iliyoliwa na mchwa inaita kama ngoma. Hiyo anaipaka msalaba mwekundu, hapandi mtu, mpaka iletwe nyingine. Kwa nje huwezi kuzijua. Nje zote ni mti.

Mwanamke mmoja, Biasha, katukaribisha mihogo na pweza. Ana mwanya na mdomo mwepesi, nimempenda papo hapo. Akaniuliza, simu hiyo ya nani? Sisi hapa hatuna simu. Katibu Kata kaletewa moja juzi, iko mezani kwake, imefunikwa kitambaa kama mkate. Sasa nani anataka kuzungumza na nani, mpaka mkakimbizwa hivi?

Nikasema ni maendeleo. Biasha akanitazama, akaniongezea pweza.

Swali lake limenikaa. Kwa kweli tunakimbizwa. Waya umelala miaka, na sasa msimamizi anataka kila siku aambiwe umefika wapi.

Jumamosi, 11 Agosti

Maisha ya gari! Godoro lina harufu ya grisi. Nimetundika kanga madirishani. Napika nyuma ya gurudumu, upepo ukiniingizia mchanga kwenye ugali, Nassibu anatafuna na kusema ni chumvi ya Kilwa. Jioni anapanda nguzo ya mwisho aliyoifunga, anabana simu yake ya kupimia kwenye waya, anaongea na Theresia wa Kilwa, yule msichana wa mitambo. "Halo Theresia, unanisikia?" Sauti laini hiyo! Nimemwambia siku moja nitapanda na mimi nimsikie huyo Theresia anasema nini. Akacheka. Akasema kuna sheria moja tu ya fundi waya, aliapa mbele ya Msahafu siku ya kwanza kazini: utakalolisikia kwenye waya si lako. Ukishuka, umeliacha juu.

Leo tumepata pancha njia panda ya Kiranjeranje. Jeki yetu mbovu. Ikapita Land Rover, ikasimama. Ndani bwana mkubwa mmoja wa operesheni, kavaa miwani nyeusi, hata chini ya mti haivui. Nimemwita Bwana Miwani — kimoyomoyo! Hakushuka. Aliuliza tu waya utafika Lihonja lini, Nassibu akasema wiki ijayo inshallah, yeye akasema ondoa inshallah, sema siku.

Dereva wake ndiye aliyetusaidia. Anaitwa Kornelio, mtu mzima mwenye upara na mikono mikubwa, wa milimani huko Kipatimu. Kafungua gurudumu letu kama anamenya ndizi. Kaniita shemeji, kanigawia vidonge vya kichwa. Akavitazama viatu vya Nassibu vya meno akacheka, akasema kwao wanapanda miti mirefu kuliko hii kurina asali, kwa kamba tu, na nyuki juu. Ana binti, Yustina, mwakani anaingia darasa la kwanza. Anamsomesha herufi mwenyewe, kwa mkaa, ukutani.

Mtu mwema. Nimeandika ili nikumbuke kuwa kwenye Land Rover ile alikuwemo mtu mwema.

Jumapili, 12 Agosti

Upepo siku nzima. Waya unalia juu ya gari, husikii neno, lakini huachi kuusikiliza. Kichwa kimeniuma. Nimemeza kidonge cha Kornelio.

Jumanne, 14 Agosti

Jambo limetokea na silijui ni jambo gani.

Jana jioni Nassibu kapanda kupima kama kawaida. Nikamsikia "Halo". Kisha kimya. Kakaa juu muda mrefu, simu sikioni, hasemi. Mimi chini nachoma samaki, namwita, Nassibu, samaki! Alipoteremka hakunitazama. Kala kidogo. Nikamtania, Theresia kapata mchumba? Akasema nimechoka, Mwanasha.

Si kuchoka. Ninamjua akichoka, anakoroma. Jana hakukoroma.

Leo asubuhi yametupita malori, yanarudi kaskazini tulikotoka. Matupu. Yamefuatana, vumbi la moja halijatua jingine linakuja. Nikauliza yanakwenda kubeba nini, korosho bado maua? Nassibu alikuwa anakaza nati. Akaendelea kuikaza, na ilikuwa imeshakaza.

Ijumaa, 17 Agosti

Sijui niandikeje.

Wakati watu wanatoka swala ya Ijumaa yamerudi malori. Safari hii yamejaa. Milango iliyong'olewa. Vitanda vya kamba. Vinu, kuku wamefungwa miguu, mbuzi analia. Na watu juu ya vitu vyao, wametapakaa vumbi kama unga. Mzee mmoja kakalishwa juu ya kiti, kiti kimefungwa kamba kwenye bodi la lori, na yeye kafungwa kwenye kiti asianguke.

Mimi nilikuwa kando ya barabara na ndoo ya maji. Nikawatambua. Mnyange! Yule bibi aliyesema mifupa yake ionwe bure — alikuwepo, kichwa wazi, hana hata kitambaa.

Na Biasha. Kaniona. Kanyanyuka juu ya magunia, kashika bodi kwa mikono miwili, akapiga kelele mpaka mishipa ikamtoka:

"Mpiga hodi! Wee mpiga hodi! Mbona hii hukututangazia?"

Lori likapita. Nimesimama na ndoo yangu. Nilitaka kumjibu kuwa sikujua, na kweli sikujua. Lakini nyuma yangu Nassibu alikuwa ameugeukia ubavu wa gari, kaegemeza paji la uso kwenye bati.

Yeye alijua.

Jumamosi, 18 Agosti

Tumegombana kama hatujawahi.

Nilimwuliza moja kwa moja, ulisikia nini Jumatatu? Akasema ameapa. Nikamwambia kiapo ulichoapa mbele ya Msahafu, Msahafu huohuo unasema nini juu ya wajane na mayatima? Akasema yote kwa sauti ya chini, kama mgonjwa. Malori ya operesheni ya kuhamisha watu ni machache. Vijiji ni vingi. Kwa hiyo wanayaita kwa simu: kijiji kimoja kikiisha, Katibu Kata anapiga, yanatumwa kwingine hapohapo, watu wasipate nafasi ya kujificha porini. Waya ni wa kazi hiyo. Ndiyo maana tunakimbizwa. Tunafunga waya, simu inalia, malori yanaondoka.

Kwa hiyo mimi natangulia naimba hodi, wanawake wanacheka, wananilisha pweza. Na nyuma yangu linakuja lori! Ni mimi ninayewaonyesha njia ya kuingia uani!

Nassibu kasema si kila kitu kibaya. Huko wanakohamishiwa kutakuwa na shule, zahanati, maji ya bomba. Kasema mwenyewe kijijini kwao walihamia kwa hiari, wakafurahi. Nikasema sawa. Kwa hiari. Yule mzee aliyefungwa kwenye kiti, hiari yake ilikuwa ipi, ya kamba au ya kiti?

Nikamwuliza, Lihonja ni lini?

Akaingia chini ya gari kutazama springi. Springi ni nzima.

Jumapili, 19 Agosti

Nimepanda nguzo.

Mchana, Nassibu kaenda kisimani na madumu. Nikavaa suruali yake, nikajifunga mkanda, viatu vya meno vikubwa kwangu nimevijaza matambara. Hakuna aliyenipigia hodi. Mahali penyewe pori tu, na tumbili. Usitazame chini, usitazame chini — nikatazama chini! Nikaukumbatia mti nikamwita mama yangu. Halafu nikaendelea. Sijui nilifikaje. Huko juu unaiona bahari upande wa Kiswere, na moshi. Moshi upande wa kaskazini, mahali pengi.

Nikabana simu kama ninavyomwona anabana. Kwanza mlio kama wa nzi. Kisha sauti za watu — karibu! Ndani ya sikio! Nusura niachie mikono. Ya kwanza ya Bwana Miwani, nimeijua palepale. Akauliza waya wa Lihonja vipi. Mwingine akajibu fundi yuko karibu, akiufunga tu magari yanaondoka, Jumatano hii. Bwana Miwani akasema wakimaliza kupakia, vibanda vichomwe, maana wa Mnyange wengine wamerudi usiku kulala kwenye kuta zao. Yule wa pili akauliza, na wagonjwa? Na wazee? Akasema hakuna wa kubaki, wakianza kumwacha mmoja watabaki wote. Kisha wakazungumza habari za mbuzi wa karamu. Waliongea kwa raha. Kama watu wanaopanga arusi.

Nassibu alikuwa amesimama chini, madumu miguuni. Sijui toka lini. Uso umempauka kwa woga. Hakunigombeza. Alinielekeza mguu kwa mguu, "kushoto kwanza, chomeka, pumua, sasa kulia," mpaka nikagusa mchanga. Akanishika. Tukalia wote wawili, mimi kwa sauti.

Mama ana eda. Wataingiaje chumbani kwake? Watamfunga kwenye kiti gani?

Jumatatu, 20 Agosti

Lihonja.

Nyumba ni ileile, na mkeka wa baba bado uko barazani. Nikapiga hodi ya mtoto, si ya waya. Mama yuko chumba cha ndani, bafta nyeupe, hana hina, hana wanja, amepungua. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mbona unanuka grisi?" Nikacheka huku nalia. Nassibu kamwamkia akiwa nje ya mlango, kajikunja kwa adabu. Kwa mama mkwe anakuwa mtoto wa chuo cha Kurani.

Nimemwambia mama. Yote. Nikaona afadhali nivunje kiapo cha Nassibu kuliko kuvunja... sijui. Nimevunja tu.

Mama kaendelea kuchambua mchele. Kasema, wakija waambie niko edani. Nikasema mama, hawa hawajali eda. Akasema, wao hawajali, mimi najali. Baba yako alinioa nikiwa sijui hata kupika. Nikitoka ndani ya nyumba hii kabla ya wakati, nimetoka kama mtu ambaye hakuwa na mume. Wakitaka wasubiri, Ramadhani si mbali, nitapanda lori lao kwa miguu yangu mwenyewe na sufuria zangu. Mimi sikatai kijiji chao. Nakataa kutolewa.

Hivyo tu. Akaniomba nimpitishie ungo.

Baada ya alasiri nimepita ua kwa ua. Sikupaza sauti. Nimewanong'oneza wanawake. Wengine hawakuamini, balozi wa nyumba kumi aliwaambia watapewa taarifa mapema. Wengine wameanza kung'oa milango wenyewe, wanaificha mikokoni. Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 21 Agosti

Nguzo ya Lihonja iko nyuma ya ua wa mama, hatua chache kutoka choo. Ndiyo kiungo cha mwisho. Waya wa kaskazini umefika mpaka hapo, unaning'inia. Wa kwenda kwa Katibu Kata uko tayari upande wa pili. Kuunganisha tu, kazi ya dakika chache.

Nassibu kaigonga kwa nyundo asubuhi. Ikaita. Kagonga juu kidogo — ikaita zaidi. Mchwa wamekula moyo wote, imebaki gome. Kasema haibebi mtu. Ukifika katikati, meno ya viatu yakichimba, inakatika kama muwa.

Nikamletea kopo la rangi, aweke msalaba. Hakulipokea. Akanieleza, nikaelewa. Akiweka msalaba, ni lazima apeleke taarifa, na kesho wataleta nguzo mpya kwa lori na mafundi wengine watatu. Jioni simu inalia. Asipoweka, nguzo ni nzima. Na nguzo nzima yeye hapandi, kwa sababu ndani mna mwanamke wa eda na mpiga hodi hajapiga hodi. Wakimwuliza atasema hivyo. Tangu yale ya Nangurukuru msimamizi mwenyewe ndiye aliyempa amri, hodi kwanza! Wabishane wapendavyo. Siku moja, siku mbili, wiki. Mpaka waamue lingine.

"Na wewe usipige," akaniambia. "Hata nikikuomba mbele yao. Hata nikikutukana."

Nimemtazama mume wangu, mwenye kiapo chake, mwoga hata wa tumbili. Nimempenda leo kuliko siku ya nikaha.

Kopo la rangi nimelirudisha kwenye gari. Wino wa maneno hayo haujakauka na tayari nina wasiwasi, sijui kwa nini. Mpango ni mzuri. Nimeupitia tena na tena, sioni tundu.

Jumatano, 22 Agosti

Nimejifungia ndani ya Kombi. Nassibu kasema niingie, nifunge, nisitoke. Gari liko kando ya ua wa mama, kutoka dirishani naiona nguzo yote. Naandika ili mkono upate la kufanya.

Wamekuja saa ya chai. Land Rover peke yake, malori bado. Yanangoja simu. Bwana Miwani kashuka safari hii. Kamwuliza Nassibu kwa nini waya haujaungwa. Nassibu kamweleza kama tulivyopanga: bwana, humu mna mjane wa eda, mke wangu hajapiga hodi, mimi nina amri ya msimamizi. Bwana Miwani akacheka. Akamwambia mwite mkeo. Nassibu akaniita! Sikutoka. Akaniita tena kwa ukali, mwanamke wewe mwenye kichwa kigumu — nilikuwa karibu kutabasamu. Wakaja kugonga mlango. Kombi zima likatikisika. Sikutoka.

Wanawake wamesimama milangoni kwao. Watoto wamewashika kanga.

Bwana Miwani kavua miwani. Macho yake madogo, ya kawaida tu, yamechoka. Kasema hana muda wa mila. Akageuka, akamwambia Kornelio, wewe si ulisema kwenu mnapanda miti? Unganisha ncha mbili hizo, hata mtoto anaweza.

Kornelio!

Hilo hatukulipanga. Hatukumpanga Kornelio kabisa.

Kaangalia chini. Kasema yeye ni dereva, bwana. Akaambiwa apande. Sasa kakaa kwenye ngazi ya Land Rover, anavaa viatu vya Nassibu. Vinamkaa vizuri. Anapita mbele ya dirisha langu, kaona macho yangu kwenye upenyo wa kanga, kasema polepole, "Shemeji, nisamehe. Sitatazama uani. Nitatazama waya tu."

Nassibu kasimama na nyundo mkononi. Hajasema. Akisema nguzo mbovu, watauliza mbona hakuna msalaba, mbona hakuna taarifa. Ndipo jela. Ndipo nguzo mpya, na simu, na malori, na mama. Asiposema — namwona anaigeuzageuza nyundo. Ananitazama huku dirishani. Anangoja mimi. Na mimi namngoja yeye.

Ikikatika, waya wote utaanguka naye. Itachukua siku nyingi kuunga. Nimefikiri hivyo. Mkono wangu umeandika hivyo, na sikuufuta.

Kaanza. Hakugonga kwanza, hajui kugonga. Meno ya viatu yanaingia kwenye mti kwa urahisi mno. Krap. Krap. Unga mwembamba wa mti unateremka, unamwagikia kwenye mabega ya Nassibu na yeye haupangusi.

Yustina. Herufi za mkaa ukutani.

Kafika usawa wa paa la mama. Kweli hatazami uani. Kainua uso juu tu, kwenye waya.

Mama kasikia. Yuko ndani, haoni kitu, lakini sauti ya meno kwenye mti anaijua. Ananiita kutoka chumbani, sauti yake kamili, ya kunigombeza kama zamani:

"Mwanasha! Kuna mtu anapanda? Mbona hujapiga hodi?"

Kila mtu kageukia gari. Krap, nyingine. Mkono wangu mmoja uko kwenye kitasa, mlango huu haufunguki mpaka uupige nyonga